Kadi Isiyo na Mwenyewe

Miaka michache iliyopita, wiki ya kufunga shule mwishoni mwa mwaka, nilikwenda kumchukua mjukuu wangu katika shule moja ya binafsi hapa Dodoma mjini. Jina la shule sitalitaja, kwani nitakayoyasema yanazihusu shule nyingi, zikiwamo zile nilizofundisha mimi mwenyewe. Nilifika mapema. Mwalimu wa Darasa la Kwanza, binti mwenye adabu, alinikaribisha ndani nitazame kazi za watoto zilizotundikwa kwa ajili ya wazazi.

Kamba ya katani ilikuwa imefungwa kutoka dirisha hadi dirisha, na juu yake kadi za Krismasi zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Nilizihesabu: arobaini na tano. Kila moja ilikuwa ya manila nyekundu iliyokunjwa katikati. Katika kila moja palikuwa na pembetatu ya kijani, ndiyo mti. Kando yake mzee mwenye ndevu. Na juu ya mti vibonge vitatu vya pamba, ndiyo theluji. Zilipendeza, sikatai. Ukisimama mlangoni ungedhani umeingia duka la mapambo.

Nikamwuliza mjukuu wangu, "Yako ni ipi, mama?"

Alizitazama kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho wake. Kisha akasema, "Sijui, Bibi. Mpaka nigeuze."

Akaanza kuzigeuza moja moja, akitafuta jina lake lililoandikwa nyuma kwa penseli, kwa mwandiko wa mwalimu. Aliipata ya saba au ya nane. Akanionyesha bila furaha wala huzuni, kama abiria anayemwonyesha kondakta tiketi yake.

Jibu lile halijanitoka moyoni mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Nimeshika chaki kwa miaka arobaini na mmoja. Kwa hiyo nilizisoma kadi zile kama fundi cherehani anavyosoma mshono wa mwenziwe. Pembetatu zilikatwa kwa mkasi usiotetereka, na mtoto wa miaka sita hakati hivyo. Yeye husimama, hugeuza karatasi, hutoa ulimi nje, na ukingo wake huwa na meno kama sega. Gundi haikuvuka mpaka popote. Ndevu zote zilikuwa za urefu mmoja. Mahali pa pamba palikuwa pamewekwa alama ndogo za penseli, na alama mbili tatu zilikuwa bado zinaonekana. Nilielewa basi kwamba mwalimu alikata, mwalimu alibandika, mwalimu akaandika; watoto waliitwa kwa zamu kuweka pamba juu ya alama. Kazi ilikuwa ya mwalimu, nayo ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa kuiita ya watoto.

Najua msomaji anangoja nilalamikie theluji. Wapo wenzangu ambao wangeanzia hapo hapo: mtoto wa Kigogo na theluji wapi na wapi, mwacha mila ni mtumwa, na kadhalika. Lawama hiyo ni nyepesi, na mimi siipokei yote. Kwanza, Krismasi si mgeni katika nchi hii ya kati. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na yapo makanisa Ugogo ambako watu wamekuwa wakiimba kuzaliwa kwa Bwana kwa vizazi vingi, tena kwa sauti zao na kwa ngoma zao. Pili, theluji yenyewe ipo Tanzania, juu ya Kibo, ingawa mtoto wa Dodoma haioni kutoka kwao. Tatu, mtoto ana haki ya kuwazia asichokiona. Hadithi za simba hazikungoja tuone simba.

Tena hata huko zilikotoka kadi hizi, theluji haikuwa sharti. Kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa ilichapishwa London mwaka 1843. Henry Cole ndiye aliyeiagiza, na John Callcott Horsley akaichora. Haina theluji wala mzee mwenye ndevu nyeupe. Ina jamaa wamekaa mezani wanakunywa kwa kutakiana heri, na pembeni kuna watu wanaowalisha maskini na kuwavika nguo. Maana yake ni kwamba mchoraji alichora kile ambacho watu wa kwao walikifanya siku ya sikukuu. Kama mwalimu wetu angemfuata mtu huyo barabara, asingechukua picha ya mtu mwingine. Angewauliza watoto: kwenu mnafanya nini?

Nao wangekuwa na mengi ya kusema. Krismasi ya uwanda huu huja na mvua. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Mikutano ya Desemba hapa si ya watu tu: kumbikumbi hutoka ardhini jioni baada ya manyunyu ya kwanza, wakajazana kwenye taa, na asubuhi mbawa zao hulala barazani, nyeupe, zikipeperushwa na kila upepo mdogo. Mibuyu iliyosimama uchi tangu kiangazi huchipua majani. Vijijini watu hutoka kanisani wakavua nguo mpya na kurudi shamba, maana mtama na uwele haungoji sikukuu iishe. Mbuga iliyokuwa na nyufa za kuingia kisigino hugeuka tope. Haya yote mtoto wa miaka sita anayajua kwa macho, kwa miguu na kwa ulimi. Hakuna hata moja lililokuwa kwenye kamba ile.

Lakini nikikomea hapo nitakuwa nimesema uongo kwa kunyamaza. Mtu akiniuliza kama darasa langu lilikuwa bora, itanibidi nimsimulie habari ya bendera.

Nilianza kufundisha mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi na tisa, mmoja wa wale tulioitwa walimu wa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi upesi, na walimu waliokuwapo hawakutosha. Basi sisi tuliomaliza Darasa la Saba tulichukuliwa, tukafundishwa huku tukifundisha. Nilipelekwa kijiji kimoja upande wa Bahi. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya sabini na madawati ya kuhesabika, na wengine walikaa juu ya matofali.

Katika shule za serikali Krismasi na Idi hazikuwa kazi za darasani. Muhula ulifungwa kabla ya Krismasi, na dini ilikuwa na kipindi chake, watoto wakigawanyika kila mmoja kwenda kwa mwalimu wake. Sikukuu zetu za darasani zilikuwa za taifa. Mwenge wa Uhuru ulipokuwa unakaribia kupita, au kiongozi akitarajiwa barabarani, tuliagizwa kila mtoto awe na bendera mkononi. Manila haikuwapo. Tulikata magazeti ya zamani, tukayabandika kwa uji wa unga kwenye mabua ya mtama. Rangi tulijitengenezea: nyeusi kwa mkaa uliosagwa, kijani kwa majani yaliyopondwa, njano kwa manjano ya jikoni, na bluu kwa ile bluu ya kufulia nguo nyeupe. Nikiwaeleza leo vijana wananiambia kwamba hiyo ndiyo elimu ya kujitegemea. Huenda. Lakini sikilizeni mwisho wake.

Nilikuwa nimewafundisha maana ya rangi, nao wakazikariri kwa kuimba: kijani ni ardhi yetu na mimea, nyeusi ni watu, dhahabu ni madini, bluu ni maji. Halafu nikapita katikati ya safu nikikagua. Mvulana mmoja alikuwa ameweka kijani mahali pake na nyeusi mahali pake, na sehemu ya bluu alikuwa ameipaka udongo. Nilimwuliza kwa nini ameharibu bendera ya taifa. Akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Ni maji, mwalimu."

Niliichana mbele ya wenzake. Siku Mwenge ulipopita, yeye alisimama kando ya barabara mikono mitupu.

Ilinichukua muda mrefu kuona alichokuwa ameniambia. Maji aliyoyajua yalikuwa ya lambo, ambamo ng'ombe na watu walikunywa pamoja, na yalikuwa ya rangi ya udongo mwaka mzima yakiwapo. Bahari hakuiona, ziwa hakuliona. Katika watoto sabini waliokariri kwamba bluu ni maji, ni yeye peke yake aliyeyafikiria maji.

Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini kwa haki. Bendera ya taifa si mali ya mtoto mmoja. Rangi zake zimewekwa tangu mwaka 1964, baada ya Muungano, na mwalimu anayeacha kila mtoto achague zake hafundishi bendera. Kumsahihisha ilikuwa wajibu wangu. Kosa langu halikuwa katika kusahihisha, bali katika mambo mawili. La kwanza ni kuchana. La pili ni zito zaidi, nalo ndilo linaloziunganisha bendera zangu na kadi za yule binti: mwaka mzima sikuwa nimempa mtoto yule kazi nyingine yoyote ya mikono ambamo maji ya lambo yangekuwa na mahali. Kazi zote nilizotoa zilikuwa na jibu moja. Kwa hiyo alipokuwa na jambo lake la kusema, alilisemea mahali pasipo pake, akaadhibiwa.

Na kumbe alikuwa na mikono. Wachungaji wadogo wa kule walikuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo kando ya lambo, kundi zima, kila mmoja na pembe zake, huyu zimepinda mbele, huyu moja imevunjika, na kila mtoto aliwajua wake kwa majina. Mimi nilipita pale kila siku kuteka maji. Nikawaona watoto wanacheza, nikaenda darasani kuandaa kipindi cha kazi za mikono.

Nilimweleza mwalimu wa mjukuu wangu habari hii siku ile ile, kwa sababu sikutaka kumkosoa nikiwa nimejificha. Alinisikiliza, kisha akanijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema: "Bibi, wazazi wanalipa ada. Mtoto akirudi nyumbani na karatasi imejaa gundi na mistari, wananiuliza mimi nafanya nini darasani. Mwaka wa kwanza niliwaacha wachore wenyewe, na mzazi mmoja alinirudishia kadi akasema hii takataka." Kipindi chake ni cha nusu saa, watoto arobaini na tano, mikasi sita.

Sina jibu jepesi kwa hilo. Kadi inayokwenda nyumbani si zawadi ya mtoto kwa mzazi. Imekuwa stakabadhi, mzazi anaona fedha yake imefanya kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa mahafali ya chekechea, watoto wa miaka mitano wamevikwa majoho na kofia za pembe nne, wamesimama juani wakisikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Bendera zangu nazo zilikuwa stakabadhi: afisa aliyepita garini aliziona akajua kwamba shule ipo na inatii. Watu wazima wawili wanatumiana salamu, na mtoto ndiye bahasha. Kwa hiyo tukimlaumu mwalimu peke yake tunamwonea. Sisi tunaonunua ndio tunaopanga bidhaa.

Msomaji ataniuliza kama lipo lililo bora. Nitaeleza jaribio langu moja, pamoja na kasoro yake.

Mwaka mmoja katika miaka ya 1990, nikiwa nimehamia shule nyingine ya serikali iliyo karibu zaidi na mji, niliwaambia Darasa la Pili walete udongo wa kichuguu, wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mimi nikaamua kuuwahi kwa maana yake ya wazi. Niliwaambia: "Nifinyangieni sikukuu ya kwenu, iwe Krismasi, iwe Idi, iwe yoyote." Nikakaa kwenye kiti changu, nikajizuia nisinyanyuke. Kwa mwalimu, hiyo ni kazi ngumu kuliko kukata pembetatu arobaini na tano.

Walifinyanga kuku wengi, wengine bila kichwa tayari. Walifinyanga sufuria, redio, na baiskeli ambayo haikukubali kusimama. Mtoto mmoja alifinyanga kiatu kimoja. Nilipomwuliza kuhusu cha pili, alisema kiko dukani bado. Msichana mmoja Mwislamu alifinyanga sahani yenye kifuniko cha kawa. Akaeleza kwamba hiyo ni ya kupeleka kwa majirani Wakristo siku ya Idi, na kwamba Krismasi hurudi na vitu ndani, maana sahani hairudi tupu. Kwa kitonge kimoja cha udongo alisema juu ya watu wa Dodoma jambo ambalo kadi zote za pamba hazikulisema.

Kasoro ni hii. Pembeni alikaa msichana mwingine, mkimya. Alikuwa amefinyanga sahani nzuri kuliko zote, mviringo kamili, ukingo umelainishwa kwa kidole chenye mate. Ilikuwa tupu. Nilimwuliza kwa uchangamfu wa kijinga, "Na hii ya nini?" Akasema, "Ni ya kwetu." Wenzake wakacheka. Mwisho wa mwaka huku kwetu ni wakati ambao ghala zimekwisha na mavuno mapya hayajaja, na mimi nilikuwa nimewataka watoto waweke hadharani meza za kwao.

Sikumchania sahani yake. Angalau hilo nilikuwa nimejifunza. Lakini nilikumbuka kwamba kadi zinazofanana zina huruma yake: zinaficha. Katika kamba ile ya mjukuu wangu hakuna aliyejua nani hana viatu. Anayezikosoa kadi bila kuona hilo hajawahi kufundisha mahali penye njaa. Tangu hapo sikuuliza tena mnakula nini wala mnavaa nini. Nilitoa udongo tu, nikasema, "Fanyeni kitu cha Desemba." Aliyetaka kufanya kuku alifanya kuku, na aliyetaka kufanya kumbikumbi au mbuyu alifanya hivyo, na hakuna aliyeweza kusema nani ni maskini kati yao. Mwalimu mkuu wetu alinung'unika kuhusu sakafu. Vingi vilipasuka kabla ya kukauka, kwa sababu hatukuwa na muda wa kuvichoma, na mfinyanzi yeyote wa Ugogo angetuambia mapema kwamba udongo ulihitaji kuchanganywa na kukandwa zaidi. Ningepaswa kumwalika mmoja wa akina mama hao darasani. Sikumwalika, na hilo ni deni jingine.

Kwa hiyo sisemi theluji ipigwe marufuku, wala kwamba kila kadi iwe na mbuyu. Mbuyu uliokatwa na mwalimu mara arobaini na tano hautofautiani na theluji iliyokatwa hivyo. Utakuwa umebadilisha picha na kuacha ugonjwa. Mtihani wangu ni mmoja, na mjukuu wangu ndiye aliyenipa: mtoto aulizwe ipi ni yake, aionyeshe bila kuigeuza.

Mvua zilinyesha wiki ya pili baada ya shule kufungwa. Asubuhi nilimkuta mjukuu wangu nyuma ya nyumba, amechuchumaa penye tope, kanga yangu nzuri imefungwa kiunoni mwake. Alikuwa amefinyanga wanyama wanne. Mmoja alikuwa na miguu mitatu na mkia mnene uliofanya kazi ya mguu wa nne. Nilimwuliza yupi ni wake, kwa kumtania, maana wote walikuwa wake.

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mzee. "Huyu," akasema, akamshika yule wa miguu mitatu. "Hawa wengine nimewafanya wa kumsindikiza."

Kadi yake ipo kabatini kwangu, safi kama siku ile. Mnyama wa miguu mitatu nilimweka dirishani, na alipokauka akapasuka mgongoni. Nilitaka kumtupa, nikakatazwa.